Kisiki cha Baba Rungu

Niwape, nisiwape?

Tupe!

Niwape tamu au niwape kweli?

Tupe kweli!

Haya, mmesema wenyewe. Endeleeni kupukuchua mahindi, mikono iende, masikio nipeni mimi. Lakini kabla sijaanza nina jambo la kukiri.

Ngano hii niliwahi kuisimulia hapahapa, na mwisho wake niliupamba. Nilitia karamu. Nilisema nguchiro wote walikumbatiana siku ileile, wakala mayai, wakacheza mpaka vumbi likafunika jua. Watu wakapiga makofi. Nami napenda makofi, Mungu anisamehe.

Bi Mwanashamba, jirani yangu, alikuwa ameketi karibu na mlango. Alikuwa hasemi na dada yake tangu msiba wa baba yao. Akanisikia, akaamini. Kesho yake akajifunga kanga mpya, akaenda. Dada yake akafungua mlango nusu, akamwuliza, "Umetumwa na nani?" Bi Mwanashamba akarudi analia, na hakwenda tena. Labda angekwenda tena. Lakini mimi nilikuwa nimemwambia kuna karamu.

Basi leo nasimulia ilivyokuwa.

Hapo zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakisema kama sisi, palikuwa na kichuguu kikubwa kando ya korongo kavu. Ndani ya kichuguu walikaa nguchiro. Nguchiro mnawajua. Wadogo, wana mistari mgongoni, hawaendi popote peke yao, na wakiona yai roho hazitulii mpaka walipige kwenye jiwe lipasuke.

Mwenyezi Mungu amempa kila kiumbe alama ya kumjua ndugu yake. Sisi katupa sura na sauti. Nguchiro kampa harufu. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kutafuta wadudu, nguchiro wote walikusanyika mlangoni wakapakana. Huyu anajisugua kwa yule, yule kwa huyu, mkubwa kwa mdogo, mpaka wote wananukia kitu kimoja. Hapo ndipo walipoitana ndugu. Aliyekosa kupakana asubuhi, jioni alinuswa mara mbili.

Mwaka mmoja moto wa nyika ukapita, ukaunguza wengi. Wazee wawili, Rungu na Sengo, wakagombana.

"Wewe ndiye uliyekuwa zamu. Ulilala!"

"Nani alilala? Wewe ulilala, na ulikoroma!"

Wakaumana. Rungu akakusanya watu wake, akavuka korongo, akaingia kichuguu cha ng'ambo. Sengo akabaki huku na wake. Kila mmoja akasema, "Atakayevuka tutamng'ata mpaka afe."

Sasa, siku ile alikuwako binti mmoja, Siwema. Asubuhi alikuwa amevuka kwenda kuchimbua mende kwenye mavi ya tembo. Alipoinua kichwa, ugomvi umekwisha, mpaka umewekwa, naye yuko upande wa pili na mende wake mdomoni.

Huku alibaki mama yake na dada yake, Mwasiti. Tangu siku hiyo, kila asubuhi wenzake walipopakana, Mama alisimama akaacha wazi upande wake wa kushoto. Mtu akitaka kusogea hapo, alisema, "Hapana. Hapo ni pa Siwema."

Hicho tu ndicho Mwasiti alichokitaka duniani: mdogo wake arudi asimame pale, kabla Mama hajafa.

Mko nami?

Tuko!

Kule ng'ambo Rungu alijiita Baba Rungu. Akatoa amri ya ajabu. Akasema, "Kupakana ovyoovyo ndiko kulikoleta moto. Marufuku." Akasimamisha kisiki mbele ya kichuguu, akakipaka harufu yake mwenyewe. "Kila asubuhi kila mmoja atajisugua kwenye kisiki. Atarudi shimoni kwake. Asimguse jirani."

Basi nguchiro wa ng'ambo wakawa wote wananukia mtu mmoja. Na mlinzi akikutana nawe njiani anakuuliza:

"Unanukia nani?"

Unajibu: "Nanukia Baba."

Usipojibu hivyo, huonekani tena.

Na huku je? Huku walikuwa huru, wanakula, wanaota jua, wanapakana. Lakini walikuwa na ugonjwa wao. Kila asubuhi walikaa ukingoni mwa korongo, wanatazama ng'ambo, wanabishana Rungu ataanguka lini. Walikuwapo watabiri watatu, na kazi yao ilikuwa hiyo tu.

Wa kwanza alisema, "Ataangushwa na njaa. Mvua mbili hazipiti."

Wa pili alisema, "Ataangushwa na wanawe. Watagombana."

Wa tatu alisema, "Kisiki kitaliwa na mchwa, naye ataanguka nacho."

Mvua zikapita. Rungu hakuanguka. Watabiri wakatabiri upya.

Mnyama mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa pande zote mbili. Huyo ni Fungo. Fungo si nguchiro. Ni mkubwa, ana madoa, na chini ya mkia ana zabadi, yale mafuta yenye harufu kali ambayo watu wa zamani walitia kwenye manukato. Fungo kila apitapo husimama kwenye jiwe lake, anapaka zabadi, anaendelea na safari. Ng'ambo alikuwa mshauri wa Baba Rungu. Huku alikuwa mleta habari.

Fungo alikuja na maneno matamu. "Jamani, jiandaeni. Kule hali mbaya, anaanguka wakati wowote. Siku mtakapoungana, mtahitaji akiba ya kuwalisha wenzenu. Nipeni mayai, nikawatunzie."

Wakampa mayai ya kanga, mayai ya kwale. Mayai ya muungano, ndivyo walivyoyaita. Kila mwezi, mayai ya muungano.

Siku moja Mwasiti akamfuata pembeni. "Mjomba Fungo, nina yai langu mwenyewe. Chukua. Niletee habari za mdogo wangu Siwema."

Fungo akaenda, akarudi. "Anakusalimu."

"Alisema nini?"

"Alisema anakusalimu. Lete yai lingine nimwulize zaidi."

Mwasiti akatoa la pili. Fungo akaenda, akarudi. "Analia."

"Analilia nini?"

"Kilio kina maelezo, binti? Analia. Lete lingine."

Mara ya tatu Mwasiti akalikalia yai. "Safari hii sitoi mpaka uniletee kitu cha mwilini mwake. Nywele zake. Nikizinusa nitajua."

Fungo akacheka. "Wewe huniamini mimi?"

"Nakuamini, mjomba. Lete nywele."

Fungo alipenda mayai kuliko alivyopenda akili. Akaenda, akarudi na kishungi cha nywele, akachukua yai, akaondoka.

Mwasiti akanusa. Chini, chini kabisa, alimsikia Siwema. Moyo ukamruka. Juu yake kulikuwa na harufu nzito, ile ya kisiki. Akasema moyoni, "Basi hivi ndivyo anavyonukia Baba Rungu." Maana Rungu alipohama yeye alikuwa mdogo, na harufu ya mzee ilikwisha kumtoka puani. Akafumba macho, akashikilia nywele zile puani, akawa anamtafuta mdogo wake chini ya harufu ya mzee.

Akiwa vilevile, macho yamefumbwa, harufu ile nzito ikazidi. Ikazidi tena. Akafumbua macho. Fungo amerudi, amesimama mbele yake.

"Nimesahau kuuliza," Fungo akasema, "hakuna jingine lililobaki?"

Mwasiti akasema, "Hakuna, mjomba." Akazificha nywele zile chini ya tumbo. Maana kati ya nywele zile na Fungo, pua yake haikuona tofauti.

Fungo mwenyewe hakujua. Pua yake ilishaizoea harufu yake.

Mwasiti akakimbia kwa Mama. "Mama, Rungu ulimjua?"

"Nilipakana naye tangu utoto. Binamu yangu yule."

"Nusa hapa."

Mama akanusa Siwema, akafumba macho kitambo. Halafu akanusa juu. Akakunja uso. "Huyu si Rungu. Huyu ni yule mla mayai."

"Basi Rungu yuko wapi?"

Mama akazinusa tena nywele zile. Wakatazamana.

Mwasiti akaenda barazani. Wakubwa wote walikuwako, wanabishana ataanguka lini.

"Mzee Sengo, shikamoo. Rungu hayupo. Kisiki kinapakwa na Fungo."

Mtabiri wa kwanza akasema, "Haiwezekani. Njaa haijafika."

Wa pili akasema, "Wanawe hawajagombana."

Wa tatu akasema, "Na kisiki kimesimama, si nakiona kwa macho yangu!"

Mzee Sengo akamgeukia Mwasiti. "Hebu sogea, binti." Akamnusa shingoni. Akarudi nyuma, nywele zimemsimama. "Wewe unanuka ng'ambo."

"Ni nywele za mdogo wangu, mzee. Nimezishika."

"Aliyetumwa naye angesema hivyohivyo."

"Nimetumwa na nani, mzee? Mimi si ndiye niliyekuletea maji ulipoumwa?"

"Ndiyo," Sengo akasema polepole. "Na sasa najiuliza kwa nini uliniletea."

Mnaona, jamaa? Ng'ambo walikuwa na kisiki. Huku hawakuwa nacho, lakini pua zilikuwa zilezile.

Kesho yake asubuhi walipopakana, kila Mwasiti aliposogea, walisogea. Akabaki nje ya duara. Mama alisimama mahali pake. Upande wa kushoto uko wazi, ni wa Siwema. Na upande wa kulia uko wazi, ni wa Mwasiti. Wengine walitaka kuuziba, akawaonyesha meno.

Walipotawanyika, Mama akamwendea. "Mwanangu, mimi nina pande mbili tu, na zote tupu. Nenda kamlete."

"Wataning'ata, Mama."

"Huku wameshakung'ata."

Mwasiti akateremka korongoni. Akalifuata lile jiwe la Fungo, akagaagaa juu ya zabadi, mgongo, tumbo, mkia, mpaka machozi yakamtoka kwa ukali wake. Kisha akapanda ng'ambo.

Walinzi wawili wakatokea. "Unanukia nani?"

"Nanukia Baba."

Wakanusa. Wakaanguka kifudifudi wote wawili. Tangu wazaliwe hawajanusa harufu ya kisiki yenye nguvu namna ile.

"Huyu katoka chumbani kwa Baba!" mmoja akanong'ona. "Shikamoo!"

"Marahaba. Siwema yuko wapi?"

"Amefanya nini?"

"Nimeuliza yuko wapi."

"Sisi hatumjui," akasema wa pili haraka. "Hata hatujawahi kumpenda. Shimo la mwisho, kushoto."

Mwasiti akaingia shimo la mwisho kushoto. Siwema alikuwa amejikunja peke yake. Kule walilala mmojammoja.

"Siwema."

"Namtii Baba," Siwema akasema, wala hakuinua kichwa.

"Ni mimi. Mwasiti. Dada yako."

"Sina dada. Nilikuwa naye. Alikufa njaa. Huko kwenu wote walikufa njaa, tuliambiwa."

"Nimenenepa hivi, ndio nimekufa njaa?"

"Wanaotumwa hulishwa."

Mwasiti akakaa. Akasema, "Mama bado anaacha upande wa kushoto kila asubuhi."

Sharubu za Siwema zikatikisika. Lakini akasema, "Baba anajua kila kitu. Na hilo angekufundisha uje uliseme. Unataka nilie, kisha useme nimelia."

"Basi sisemi tena. Njoo unuse mwenyewe. Twende chumbani kwake."

"Anayeingia hatoki."

"Nani alisema?"

"Fungo."

"Na Fungo mwenyewe akiingia, hutoka?"

Siwema akainua kichwa. "Kila siku," akasema.

Wakaenda. Walinzi walipomnusa Mwasiti walifumba macho wakageukia ukutani. Wakashuka mpaka chini kabisa ya kichuguu, kwenye chumba cha Baba Rungu.

Mlikuwa mnatarajia nini humo? Humo kulikuwa na mifupa midogo ya nguchiro mmoja mzee, imekaa vizuri kama aliyelala, haina hata unywele. Na maganda ya mayai. Maganda mpaka darini. Mayai ya muungano kutoka kwa Sengo, na mayai ya kodi ya kisiki waliyotozwa watu wa ng'ambo, yote mahali pamoja.

Siwema akaokota ganda. Nguchiro yai hulirusha kwenye jiwe, likatawanyika. Ganda hili halikutawanyika. Lilikuwa na matobo ya meno makubwa.

Mwasiti akangoja mdogo wake alie. Siwema hakulia. Akasema, "Nilijua."

"Ulijua?"

"Kisiki kilibadilika harufu zamani. Nikadhani pua yangu mbovu. Nikataka kumwuliza jirani, nikaogopa. Jirani naye anaweza kuwa ametumwa."

Hapo mlangoni pakawa giza. Fungo ameingia, ameuziba mlango wote.

"Kumbe nina wageni," akasema. "Na mmoja kajipaka manukato yangu bila kuomba. Tabia gani hiyo, Mwasiti?"

"Ulimuua," Mwasiti akasema.

"Mimi? Alikufa kwa uzee, hapo alipolala. Sikumgusa hata sharubu. Nilikaa nikafikiri: nikitoka nikasema amekufa, hawa na wale wataumana mpaka korongo lijae damu. Basi nikapaka kisiki. Nikapaka kesho yake. Wakajibu 'Nanukia Baba' kama kawaida, na hakuna aliyekufa. Mimi nimekula mayai tu, mabinti. Ninyi mngekula nyama zenu."

Mnajua, uongo una sehemu yenye ukweli ndani yake, na hiyo ndiyo inayouma.

Fungo akalegeza sauti. "Sikilizeni. Nyinyi wawili nitawavusha leo hii. Mtakaa na mama yenu, mmoja kushoto, mmoja kulia. Mimi sitasema, na nyinyi msiseme. Nani ataumia?"

Mwasiti alifungua mdomo kusema ndiyo. Simlaumu. Alikuja kutafuta ndugu mmoja, na ndugu mmoja anapewa. Ningekuwa mimi ningesema ndiyo mara mbili, Mungu anajua moyo wangu.

Ni Siwema aliyesema, "Nikivuka hivyo, kwa Mama nitanukia nani?"

Kichuguu, jamaa, kina matundu ya hewa. Mchwa waliyajenga, yanatoka chini kabisa yanafika kila shimo. Siwema akaruka, akaweka mdomo kwenye tundu, akapiga kelele kwa nguvu zake zote:

"Baba amekufa! Kisiki kinanukia Fungo!"

Kimya. Kila shimo lilisikia. Hakuna aliyejibu. Fungo akatabasamu. "Unaona? Hawataki kujua."

Siwema akapiga kelele tena. Kimya.

Akapiga mara ya tatu, sauti imekauka. Na katika tundu, kwa mbali, sauti ya kizee ikasema taratibu:

"Nilijua."

Sauti nyingine: "Nani huyo kasema? Mimi pia nilijua."

"Kumbe na wewe?"

"Nilijua tangu mvua ya mawe!"

"Nilidhani ni mimi peke yangu!"

Shimo hadi shimo, hakuna anayemwona mwenzake usoni, na kwa hiyo kila mtu akapata ujasiri. Mwisho ikaja sauti ya mlinzi, yule wa shikamoo: "Hata sisi walinzi tulijua. Tuliwaogopa nyinyi."

"Mlituogopa sisi? Tuliwaogopa nyinyi!"

Fungo akageuka kutoka. Amechelewa. Nguchiro wamejaa njiani, nywele zimesimama, wamebanana bega kwa bega. Nguchiro wakibanana hivyo wanakuwa mnyama mmoja mkubwa mwenye meno mengi. Fungo akararuliwa mkia, akararuliwa sikio, akapenya, akateremkia korongoni mbio. Kisiki kikang'olewa kikaangushwa nyuma yake.

Mmefurahi?

Tumefurahi!

Hapa ndipo nilipowadanganya safari ile. Hapa ndipo nilipotia karamu. Sikilizeni sasa.

Kelele zile zilivuka korongo. Watu wa Sengo wakaja ukingoni, wamebanana, nywele zimesimama. Watu wa ng'ambo wakatoka wakasimama ukingoni kwao, nao wamebanana. Wakaangaliana.

"Rungu ameanguka!" akaita mtabiri wa kwanza. "Nilisema mimi!"

"Nyamaza," Mzee Sengo akasema. "Ni hila. Anguko gani hili halina njaa wala vita? Wanataka tushuke watuzingire."

Ng'ambo nao wakanong'onezana. "Hao wamenona. Wamekuja kuchukua kichuguu chetu."

"Mayai yetu ya muungano yako wapi?" wa huku wakapiga kelele.

"Na yetu nani kala?"

"Nyinyi!"

"Nyinyi!"

Siwema akatupa maganda katikati ya korongo wayaone matobo ya meno. Wengine wakatazama. Wengine wakasema matobo yanaweza kutobolewa.

Hapo Mwasiti na Siwema wakashuka, wawili tu, mpaka kwenye mchanga wa chini. Na upande wa huku, taratibu, mguu mmoja ukitangulia na mwingine ukiuma, akashuka Mama.

Mwasiti akasema, "Mama, nimemleta."

Mama akamnusa Siwema. Akamsikia Fungo, akamsikia kisiki, akawasikia watu asiowajua. Na Mama, ambaye miaka yote aliacha nafasi ile, alishtuka akamng'ata Siwema sikio mpaka damu ikatoka.

Ukingoni kila mtu akapiga kelele. "Mmeona? Mmeona!"

Siwema hakurudi nyuma. Alitetemeka, damu inamtiririka, hakurudi nyuma. Akasema, "Mama, upande gani ni wangu?"

Mama akamwangalia. Kisha akageuka, akajilaza mchangani, akaacha wazi upande wa kushoto.

Siwema akajilaza pale. Akajisugua. Mwasiti akajilaza kulia, akajisugua. Wakasuguana mpaka jua likawa juu, na Mama akawa ananuka Fungo na ng'ambo na binti zake wote wawili, na hakung'ata tena.

Walipoinuka, huku wakakataliwa: "Mnanuka." Ng'ambo wakakataliwa: "Mnanuka." Wakakaa hapohapo chini, korongoni. Mama akaishi mpaka masika, akafia katikati ya binti zake. Hivyo ndivyo alivyotaka.

Na wale wengine? Kesho yake asubuhi alishuka yule mlinzi wa shikamoo, kwa aibu, akajilaza pembeni. Kesho kutwa akaja mmoja wa huku. Akanusa, akapanda juu tena. Siku nyingine akashuka, akakaa. Waliozoea kulala mmojammoja waliruka kila walipoguswa. Mpaka leo wako wanaoshuka asubuhi kupakana, na wako waliobaki ukingoni wananusa upepo. Watabiri watatu wako ukingoni vilevile. Siku hizi wanabishana muungano wa korongoni utavunjika lini.

Funzo langu ni dogo, maana shule niliishia darasa la nne. Nguchiro walikaa wakingoja mkubwa aanguke, na kumbe alishaanguka. Kilichobaki kimesimama ni hofu ya kumwuliza jirani, "Na wewe pua yako inasikia hivi?" Tena kisiki kuanguka ni kazi ya siku moja. Kupakana ni kazi ya kila asubuhi, na asubuhi ya kwanza unaweza kung'atwa na mama yako mwenyewe.

Ngano yangu imeishia mchangani, haikufika karamuni. Aliyeisikia aichukue, aliyesinzia atauliza jirani.

Nami nina ombi moja. Miongoni mwenu yuko atakayepita kwa Bi Mwanashamba jioni hii. Mwambieni nilimdanganya, hapakuwa na karamu. Mwambieni aende tena kwa dada yake kesho asubuhi, na akifunguliwa mlango nusu, asirudi nyuma.